Tope la Mtaa wa Chini Halifikiwi na Lori

Jua halijachomoza vizuri, na mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Mama Chepe yumo ndani ya mtaro, maji yakimfika magotini. Anazamisha chepe lake, analinyanyua kwa nguvu za kiuno, anamwaga tope ukingoni. Tope litakaa hapo hadi mvua ilirudishe alikolitoa.

Huu ni mwaka wake wa tisa akiwa kibarua wa usafi wa jiji, akizoa tope lilelile.

Jiji hili la kusini limejengwa kwenye mteremko unaoishia baharini. Juu kuna barabara ya lami, ofisi na hoteli. Chini kuna bonde, na mitaro yote ya juu humalizia hapo. Mvua ikinyesha bahari ikiwa imejaa, maji hayana pa kwenda. Mtaro uliozibuliwa huyahifadhi hadi bahari ipwe. Uliojaa tope huyamwaga vyumbani mwa watu.

Tope linapaswa kubebwa na lori la jiji kila wiki. Lori lipo. Ukiwa mtaroni unalisikia likinguruma huko juu, likikusanya majani makavu mbele ya hoteli. Huku halishuki.

Msimamizi wa usafi anasema njia ya chini ni mbovu, matairi yatazama. Alipoulizwa njia hiyo imeharibiwa na nini, alijibu bila hata kupepesa jicho kwamba ni tope.

Nyumbani kwa Mama Chepe, kuta zimechanua chumvi na godoro halikauki miezi ya baridi. Mama mkwe wake, aliyevunjika nyonga, analala juu ya kitanda kilichopandishwa kwa matofali. Msimu uliopita maji yalifika godoroni wakati Mama Chepe akiwa kazini, akizibua mtaro wa wengine. Jirani alimkuta bibi huyo ameng'ang'ania nondo za dirisha, akambeba mgongoni.

"Huyu mkwe wangu kaolewa na tope," bibi anatania. "Mwanangu ni mume wa pili." Kisha kicheko kinamkauka. "Au wanangoja nife, ndiyo walete gari?"

Mvua kubwa zinatarajiwa mwezi ujao. Mama Chepe amekwenda ofisini kwa msimamizi kuomba lori mara nyingi, na kila mara ameambiwa avute subira.

"Nimeomba kwa adabu mpaka adabu yenyewe imenichoka," anasema, akifuta mpini wa chepe kwa khanga.

Jumatatu, yeye na majirani watalipakia tope kwenye mikokoteni, walipandishe mteremko, walimwage mbele ya geti la hoteli. Msimamizi amepata fununu na kumwonya kwamba atafukuzwa kazi.

Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu taratibu.

"Nifukuze tu, bosi wangu. Ila tope lile litaondoka siku hiyohiyo. Pale lori linafika."