Kupima Bunduki Kando ya Karasha

Baba mkubwa alianza kukosa makopo, na kwa bahati mbaya aliyakosa mbele ya watu. Ana bunduki ya upepo anayoimiliki kwa kibali, na kila sikukuu rafiki zake wakulima wa tumbaku hutoka Ushetu kuja kwake Rwamgasa kushindana kulenga makopo. Mwaka huo kirisasi kimoja kilipita chini, kingine pembeni, cha tatu hatujui kilikoelekea.

“Springi imechoka,” akatangaza. “Haisukumi tena.”

“Au mwenye springi ndiye amechoka,” akasema mama mkubwa, mkewe, akiwa anageuza nyama.

Watu wakacheka, naye akacheka, lakini cheko lake lilikatika upesi. Nilijua kwa nini. Baba mkubwa ana karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na wachimbaji humletea jiwe kwanza ili aligeuze juani awaambie kama lina kitu. Wanamletea yeye, wanawapita wenzake wote njiani. Macho yake ndiyo jina lake. Bunduki ikiwa nzima, basi kilichoharibika ni macho, na habari hiyo ingefika kwenye kila duara, kila shimo la wachimbaji, kabla ya jua kuzama.

Jioni akanivuta kando. “Mwanangu, wewe ni mtu wa mitandao. Nitafutie kitu cha kuipima hii bunduki. Watu waone kwamba ni mbovu.”

Niseme ukweli: mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuutikisa, kisha narudi kuhakikisha kwamba kuutikisa hakukuufungua. Karibu kila ninachokijua nimejifundisha mwenyewe, kwa hiyo siku zote nahisi kuna ukurasa mmoja muhimu ambao wenzangu wote wameusoma isipokuwa mimi. Nilipogundua kwamba kuna kifaa kinaitwa kronografu, kazi yake kupima mwendo wa risasi, na kwamba kiko cha aina nyingi, nilifurahi na kuugua kwa pamoja. Kipo kinachofungwa mdomoni mwa mtutu. Kipo kinachotumia mawimbi ya rada, bei yake ya kutisha. Kipo chenye macho mawili yanayotazama juu, risasi ikipita juu yake kinapima muda kutoka jicho hadi jicho. Na ipo programu ya simu ya bure, inayosikiliza mlio wa bunduki na mlio wa risasi ikigonga shabaha, kisha inapiga hesabu.

Baada ya kulinganisha mpaka nikasahau nilichokuwa nalinganisha, nilianza na ya bure.

Tulipimia uani, hatua chache kutoka kwenye karasha. Nilipima umbali kwa futikamba, nikaurudia. Baba mkubwa akafyatua. Simu ikasema kirisasi kimekwenda polepole kama kinatembea. Akafyatua tena. Simu ikasema kimekwenda kasi kuliko risasi ya bunduki ya vita. Mara ya tatu haikusema kitu.

“Umeona!” Baba mkubwa aliinua mikono. “Mgonjwa huyu! Leo anakimbia, kesho anatambaa!” Akawaita wasagaji waje waone. Sikuwa nimemwona na furaha ile kwa muda mrefu.

Halafu dizeli ikaisha. Karasha ikazima, na sote tukanyamaza, kama watu walioitwa kwa ghafla. Nikasikia kuku. Nikasikia redio ya jirani. Hapo nikaelewa. Tumezaliwa na mngurumo ule, tunapiga kelele tukidhani tunazungumza, wala hatuuhesabu kuwa kelele. Lakini simu haikuzaliwa Rwamgasa. Kila jiwe lililogongwa ndani ya karasha, yenyewe ilidhani ni kirisasi kimefika.

Nilitamani kunyamaza. Mzee alikuwa amepata jibu alilolitaka, nani alinituma kulichokonoa? Lakini pimo bovu linaniwasha kama upupu.

“Baba,” nikasema, “lile pimo halikuwa sahihi.”

“Lilikuwa zuri sana.”

“Lilikuwa linapima karasha.”

Akanitazama, akatazama mashine yake. “Kwa hiyo karasha ndiyo ina kasi kuliko bunduki ya vita?” Akacheka mwenyewe, kisha akashusha pumzi. “Haya. Tafuta kinachopima vizuri.”

Nikaagiza cha macho mawili kupitia mfanyabiashara mmoja wa Kihindi mjini Shinyanga, ambaye nilimpigia simu mara nyingi mno nikibadili mawazo. “Kijana,” aliniambia kwa upole, “hata mke watu hawamchagui hivi.”

Kilipofika, tulikwenda nyuma ya nyumba, mbali na karasha, tukalenga rundo la marudio, ule mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu. Jua la moja kwa moja huyachanganya macho ya kifaa, kwa hiyo nilikata kiroba cheupe nikakitandaza juu yake kama hema. Nilisawazisha kifaa mpaka mama mkubwa akaniletea kigoda, akidhani nimeamua kuhamia pale. Hofu yangu kubwa ilikuwa mzee atakipiga risasi kifaa chenyewe, hivyo nikaiegemeza bunduki juu ya mifuko ya mchanga.

Akafyatua. Mia moja sabini na tano, mita kwa sekunde. Akafyatua tena. Sabini na sita. Tena. Sabini na tano. Kila pigo lilifanana na mwenzake.

Baba mkubwa alikichukua kifaa, akakisogeza mbali na uso, kisha mbali zaidi, mpaka mkono ukanyooka wote.

“Mkono umekwisha, mzee,” akasema mama mkubwa. “Tukuazimie wa jirani?”

“Soma wewe,” akaniambia.

Nikasoma. Bunduki ilikuwa nzima.

Baba mkubwa akanirudishia kifaa, akapita uani moja kwa moja hadi walipokuwa wachimbaji wanakula, nami nyuma yake. “Sikilizeni,” akasema kwa sauti ya karasha, ingawa karasha ilikuwa imezimwa. “Bunduki nzima. Macho ndiyo mabovu. Mwenye jiwe la kuonyesha asubiri mpaka nitoke Kolandoto hospitalini.”

Wakatazamana. Mmoja wao, mdomo umejaa ugali, akasema, “Mzee, mbona sisi tunajua? Juzi mbuzi alipita akalia, wewe ukaitikia marahaba.”

“Muongo!”

“Ukamuuliza na habari za nyumbani!”

Mwingine akadakia, “Ndiyo maana mawe tunayaosha kwanza siku hizi, tukuongezee mwanga.”

Baba mkubwa aliokota kandambili akawatimua, wakakimbia na sahani zao mikononi. Ile kandambili aliirusha kwa yule wa mbuzi. Akamkosa.