Akteri Aliyerudi Kula Sombe

Juzi, hapa Keshero, binti yangu aliniita nione filamu ya kizamani kwenye simu yake. Nyeusi na nyeupe, ya majambazi wa Amerika wa kuchekesha, iliyotengenezwa wakati wa ile vita kubwa ya wazungu. Nikamwona kijana mwembamba, kofia imemwangukia jicho, nikakaa chini. Jamani, yule namjua kuliko ninavyowajua binamu zangu!

Nilipokuwa mtoto, filamu ile ilikuwa kwa mama jirani yetu, kule Birere. Kasete aliileta mwanawe wa kwanza, ambaye alikuwa akituigizia uani mwendo wa akteri wake, yule kijana mwembamba wa filamu, mabega juu, kofia ya baba yake ikimfunika macho, huku mama yake akicheka mpaka anajifuta machozi kwa kitenge. Kisha kijana huyo akaondoka na watu wa bunduki, upande wa Masisi. Hakuaga mtu.

Hapo ndipo mama jirani alipoanza kutukaribisha. Nadhani ukimya wa nyumba ulimshinda. Jumapili baada ya misa, umeme ukiwepo, watoto wa avenue nzima, mtaa wote, tulibanana kwenye mkeka wake, harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, ikitutesa. Akteri hakuwa mkubwa bado. Shefu wa majambazi alimtuma sigara na kumzaba vibao. Lakini kila akiingia tulipiga kelele, maana ungeona tu kwamba huyu atafika mbali.

Akteri alipofika kituo cha treni na sanduku lake, mama jirani alikuwa anazima. "Inaishia apa, batoto." Halafu anatusimulia yaliyobaki: akteri anapanda treni, anafika kwao, anavua kofia mlangoni, anauliza, "Mama, sombe iko?" Hatukujiuliza Mwamerika sombe ataijulia wapi. Tulipiga makofi.

Mimi nilikuwa mbishi. Jumapili moja nikasema, "Mama, utepe ungali mwingi, acha tuone," nikanyoosha kidole kwenye mashine. Akanichapa mkono. Hakuwahi kumchapa mtoto wa mtu. Nikamwita mchoyo mbele ya wenzangu, nikatoka. Wiki tatu nilipita mlangoni pake bila kumsalimu. Bibi yangu aliniambia niende nikaombe msamaha. Nikajibu nitaenda kesho.

Kabla sijaenda, moto wa mlima wa volkano ukashuka ukala avenue yetu. Tulikimbia, sisi huku, yeye kule. Kuna waliosema walimwona Munigi, anauliza njia ya Masisi, anamtafuta mwanawe. Mimi sikumwona tena. Pale ulipokuwa mkeka wake leo ni jiwe jeusi, na juu ya jiwe watu wamejenga maduka.

Basi juzi ndiyo nikauona mwisho. Pale kituoni akteri anavua kofia yake, anavishwa nguo za askari, anapewa bunduki. Anapiga saluti vibaya, wenzake wanacheka, treni inaondoka naye. Imekwisha. Hakuna mlango wala mama.

Mama jirani alikuwa anaujua mwisho huo, masikini. Kila Jumapili alikuwa anaujua, na mimi nikamwita mchoyo.

"Mama, juu ya nini unalia?" binti yangu akauliza. "Si ni ya kuchekesha?"

Nikamwambia hapana, haiishi hivyo. Anarudi. Anavua kofia mlangoni, anauliza kama sombe iko, na mama yake anamwambia iko, ingia.