Mashindano ya Kukamua Yasiyo na Maziwa

Niliondoka nyumbani Mwananyamala kwa sababu moja: nilikuwa nimechoka kuona ufugaji ukipimwa kwa kalamu. Nilifundisha sayansi ya kilimo, na wanafunzi wangu walijua kuchora sehemu nne za tumbo la ng'ombe huku kuku wa shule wakiisha kwa ugonjwa wa kideri mbele ya macho yao. Siku hizo za ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara, mshahara haukumtosha hata mvaa tai, na kila mwenye ua alifuga. Chama cha wafugaji huko Mbagala kikaniomba niwatungie vijana mashindano ya vitendo. Zawadi ilikuwa mtamba wa maziwa, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa.

Asubuhi nilipata lifti kwenye pikapu ya pumba kutoka mashine za Manzese. Nilikaa juu ya magunia, nikafika Mbagala nimepakaa unga mpaka kope.

Mbagala nilipokewa na Bi Mwajuma, mwenye ng'ombe tuliowaazima.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Ng'ombe nimeshawaogesha, wananukia kuliko mwenyekiti."

Mwenyekiti wa chama alikuwa amesimama hapo hapo, akajifanya hakusikia. Hakufuga hata bata. Aliishi mjini, ghorofa ya tatu, na walimchagua kwa kuwa anajua kuwaandikia wafadhili.

Uwanjani nilipanga vituo vinne: kutambua chakula cha mifugo kwa kunusa, kukadiria umri kwa meno, kukamua, na kumwongoza mtamba kwa kamba. Rehema, binti wa muuza majani ya ng'ombe, alivipita viwili vya kwanza kama anacheza. Alikuwa amemaliza darasa la saba, na shangazi yake ameshamtafutia kazi ya uyaya Mikocheni. Mama yake aliniambia waziwazi kuwa wakipata mtamba binti haendi, wakimkosa anaondoka Jumatatu. Roho yangu ikawa upande wake, na sioni haya kusema.

Baada ya hotuba za mgeni rasmi tukafika kwenye kukamua. Rehema akavuta chuchu. Kavu. Akaja mwingine, kavu vilevile.

"Bi Mwajuma, maziwa yako wapi?"

"Nimeyakamua alfajiri. Mie wateja wangu wana chai, hawangoji mashindano."

Mwenyekiti akafurahi waziwazi. Akatangaza kwamba vitendo vimeshindikana, tuendelee na maswali ya mdomo. Mwanawe Daudi, kavaa viatu vipya, akaeleza maana ya ufugaji bora bila kumeza mate. Kamati ikampigia makofi na kumtangaza mshindi. Cheti chake kilishaandikwa jina, na wino ulikuwa umekauka zamani.

"Haya, Daudi, shika kamba ya mtamba wako," nikasema.

Daudi akarudi nyuma. "Baba, hang'ati huyu?"

Hapo hasira zilinipanda. Nikamwambia mgeni rasmi kwamba kituo cha nne bado, na kwamba hakuna mshindi kabla ya kituo cha nne. Yeye alikuwa ananusa pilau, akasema tufanye haraka. Daudi hakuigusa kamba. Rehema akaishika, akamkuna mtamba shingoni, wakazunguka uwanja mzima wakifuatana.

Watu wakaanza kunong'ona. Mwenyekiti akamtazama mtamba, akatazama kinyesi chake, akasimama.

"Kwa busara ya kamati, cheti ni cha Daudi. Binti achukue mnyama."

Kisha akaniinamia sikioni. "Mwalimu, cheti kitamfikisha mbali mwanangu. Huyo ng'ombe ningempandishaje ngazi?"

Jioni nilirudi Mwananyamala kwa pikapu ileile, ikiwa tupu. Shangazi wa Rehema ilibidi atafute yaya mwingine. Nami nimejifunza mambo mawili kwa mtu anayetaka kutunga mashindano ya mifugo. Kwanza, mwombe mwenye ng'ombe asikamue siku hiyo. Pili, waandalie wakubwa karatasi nzuri yenye muhuri mkubwa, ili ng'ombe wamwachie mfugaji.