Kigari Kilichomtaka Mama wa Londri

Katika hoteli ya Galu nilikokuwa dereva, kazi yangu ilikuwa kuwapeleka wageni na mabegi yao kutoka mapokezi hadi nyumba za ufuoni kwa kigari cha umeme, vile vigari vya wacheza gofu. Hakikuwa na injini wala tangi, lakini sote tulisema "kanyaga mafuta", nacho kilituelewa.

Asubuhi moja nilikanyaga mafuta, kikatambaa. Nikakanyaga hadi pedeli ikagusa sakafu, kikaendelea kutambaa kama mtu aliyetumwa asikotaka kwenda. Nilikuwa nimewabeba mzee mmoja wa Kizungu na mkewe. Yule bibi akaniambia asante sana, akashuka na fimbo yake, akatembea. Alifika kabla yetu. Mumewe alibaki nami kwa ajili ya heshima, akimpungia mkewe mkono kadiri alivyozidi kupotea mbele.

Nikakipeleka kwa fundi wa hoteli, mtu wa Bodo, mwembamba kama ufito, ambaye hakuwahi kukiri kwamba kitu kimemshinda. Alipima betri moja moja, zote zilikuwa zimejaa. Akatazama maji yake, yalitosha. Akainua magurudumu, akayazungusha kwa mkono aone kama breki zimeng'ang'ania, yakazunguka vizuri. Akaketi, akawasha, akakanyaga. Kikatambaa.

"Hiki kigari kinanisoma," akasema, akajifuta jasho.

Hapo akatokea mama msimamizi wa londri, mtu wa Msambweni, mwenye umbo kubwa na heshima kubwa zaidi. Hata meneja alimwamkia shikamoo. Alikuwa amekumbatia furushi la taulo.

"Mwanangu, nifikishe londri, mikono yaniuma."

Sikuthubutu kumweleza habari za ubovu. Alipanda kando yangu, kiti kikalia chini yake, nami nikakanyaga mpaka mwisho nikijua tutatambaa.

Kigari kikaruka! Tulipita kando ya bwawa la kuogelea, wahudumu wakaruka na sinia zao, taulo zikatawanyika njiani.

"Taratibu, baba!" mama akapiga ukelele. "Wanipeleka londri ama wanipeleka akhera?"

Akashuka salama. Nikageuza kumkimbilia fundi na habari njema. Kikatambaa.

Tulidhani ni zile taulo. Tulikuwa watu wazima wawili, wenye akili timamu, tukapakia taulo na kushusha taulo. Fundi akakalia kiti cha mama, hakuna kitu. Tukaweka magunia ya mchele nyuma, kikazidi kulemewa. Mwishowe tukatazamana, kila mmoja akajua kwamba mwenzake amejua.

"Kamwambie wewe," fundi akasema.

"Wewe ndiwe fundi."

"Wewe mtu wa bara, utasamehewa."

Mimi nimezaliwa Shimba Hills. Wazazi wangu ndio waliotoka bara, lakini siku ya shida ubara wangu ulirudi wote. Nikaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wasemaje?"

"Mama, kile kigari kimekuzoea."

"Kimenizoea vipi?"

"Bila wewe hakiendi."

Alinitazama, pasi ikitoa mvuke mkononi mwake. "Sema vizuri. Wataka kuniambia mimi ni mzito?"

"Hapana, mama. Sisi ndio wepesi."

Alicheka mpaka ikabidi aitue ile pasi.

Jioni hiyo wageni walikuwa na harusi ufuoni, na bibi harusi alitakiwa apelekwe kwa kigari kile kile, maana kingine hakikuwapo. Mama alijitanda leso mpya, akaketi mbele kando yangu. Bibi harusi na babake wakakaa nyuma, wakimtazama wasithubutu kuuliza.

"Haya, twende," mama akasema, kama mwenye gari.

Tulipofika, hakuna aliyemjua, ila kwa namna alivyoshuka wote walikata shauri kwamba ni mtu mkubwa. Walisimama. Wakampa kiti cha mbele. Mpiga picha akamweka katikati ya maharusi. Alipoombwa aseme neno, aliwaombea kheri na baraka, watoto wema na nyumba yenye subira, kwa Kiswahili kilichonyooka. Hawakuelewa hata neno moja, na walilia. Mimi nilijibanza nyuma ya meza ya vinywaji nikimngoja, kwa kuwa bila yeye nisingerudi.

Kesho yake fundi aliyainua tena magurudumu, akaking'oa kiti cha mama. Chini yake ulipita waya unaotoka kwenye pedeli kuiambia mota iende mbio kiasi gani. Kwa nje ulionekana mzima, lakini ndani ya ganda ulikuwa umekatika. Ulipogandamizwa sawasawa, ncha zake ziligusana. Fundi akaugandamiza kwa kiganja, nami nikakanyaga, magurudumu yakavuma hewani. Akaukata, akauunga upya, akaufunga kwa tepu.

Ikabaki kumpa mama habari. Nilikiendesha kigari hadi mlangoni pa londri, nikaingia kwa miguu mizito, kwani alikuwa amekwisha kuwatangazia wasichana wa londri kwamba hoteli nzima yaenda kwa ajili yake.

"Mama, kigari kimepona."

Alikunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena. "Chaenda na mtu yeyote?"

"Yeyote. Hata fundi."

"Alhamdulillahi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepokea tanzia.

Nilimhurumia. Mama akaweka shuka rafuni, akajitengeneza leso yake, akanipita mlangoni na kwenda kuketi kigarini, palepale pake, mbele.

"Gari limepona, na nimefurahi," akasema. "Lakini magoti yangu hajayaunga mtu. Nipeleke jikoni, chai inapoa."

Nikampeleka.