Dobi na Bakuli la Supu ya Mchana

Wateja walimwita Mzee Pasi, na jina hilo alilistahili. Zaidi ya nusu ya umri wake ilikuwa imepita nyuma ya meza ileile, katika chumba chenye harufu ya mvuke na wanga, akinyoosha mashati ya watu wengine. Joto alilijua kwa mkono. Hakuhitaji kutazama namba za pasi; alikisogeza kiganja karibu na chuma, akajua kama hariri ingesalimika.

Tangu mkewe apatwe na kiharusi kilichompooza upande wa kulia, dobi huyu hakuwa na saa yake mwenyewe. Asubuhi alimwogesha, akamvisha, akamketisha katikati ya mito, ndipo akaenda kazini. Mchana, wenzake walipokwenda kula, yeye alirudi nyumbani mbio, kama mbio ni neno linalofaa kwa miguu iliyovimba, amlishe, kisha akasimame tena mezani. Binti yao aliyeishi mbali akawaletea maikrowevu ili baba asihangaike na jiko.

Hapo ndipo kosa lilipotokea. Siku moja aliitoa supu nzito ya viazi kwenye friji, akaiingiza katika mashine, akabonyeza, akaegemea ukuta na kufumba macho. Kengele ilipolia, alifanya alivyofanya maisha yake yote: alilishika bakuli. Lilikuwa vuguvugu tu. Katika moto aliouzoea, chombo hupata joto kabla ya kilichomo. Chombo kikiwa vuguvugu, chakula hakiunguzi mtu. Akachota katikati, akamlisha. Supu ilitulia kwenye shavu lililokufa ganzi, na mkewe asishtuke. Ilipomfikia upande wa ulimi wenye hisia, macho yakamtoka pima, na lengelenge lilikuwa limekwisha kujaa.

"Mashine hiyo haipashi bakuli, mzee, inapasha chakula chenyewe," muuguzi wa zahanati alimweleza. "Tena haigawi sawa. Hapa baridi, pale panachemka. Isimamishe ukoroge, ikimaliza ukoroge tena, uiache itulie kidogo, halafu uonje mwenyewe kwa kijiko chako. Bakuli usiliamini."

"Nimeshika moto miaka yote hii, mwanangu."

"Ndiyo maana umekosea."

Habari ilimfikia shemeji, dada mkubwa wa mkewe, kabla lengelenge halijapasuka. Akaja na sanduku tupu.

"Shemeji, mdogo wangu nampeleka kwangu," alisema hata kabla ya kuketi. "Wewe piga pasi mashati, siyo ndimi za watu."

Mgonjwa alicheka kwa nusu ya uso. Maneno yalimtoka polepole, mengine yamekatika ncha. "Alikuwa... ananinyoosha, dada."

"Nyamaza! Mdomo unauma na bado unautumia!"

Shemeji akafungua kabati, akaanza kukunja nguo. Saa ya chakula ilikuwa imefika, dobi akaenda kupasha supu: akaisimamisha mashine, akakoroga, akairudisha, akakoroga tena hadi chini.

"Unakoroga kama uliyepoteza pete," shemeji alisema kutoka kabatini.

Akaiacha itulie, akaonja kwa kijiko chake, akamlisha mkewe kwa kijiko kingine. Hakuna aliyemsifu. Vijiko vichache vilipokwisha kupita, mkewe aliushika mkono wake.

"Mzee. Unataka nibaki?"

Jibu lilikuwa jepesi, lakini halikutoka. Hakukosa mapenzi. Ila mawazo yalikwenda yenyewe kwenye mchana usio na mbio, na kitanda ambacho hakuna wa kugeuzwa juu yake, naye akaona haya kwa jinsi alivyoutamani. Shemeji aliacha kukunja.

"Nataka," dobi alisema mwishowe. "Lakini nimechoka, mama. Siku ile nilisinzia mbele ya mashine. Hata ningekuwa nimefundishwa, sijui kama ningekumbuka kukoroga."

"Ala!" shemeji akadakia. "Kila nikipiga simu, 'tupo salama, tupo salama.' Salama gani hii?"

"Ningekuambia nini?"

"Hilohilo ulilosema sasa!"

Akaketi ukingoni mwa kitanda, gauni la mdogo wake mapajani, akapumua kwa nguvu. Magoti yake nayo hayakuwa ya kusifiwa.

"Mchana nitakuja mimi," alisema. "Asubuhi na jioni ni zako. Na unionyeshe hiyo mashine, nisije nikamchoma upande uliobaki."

"Mtanimaliza... kwa zamu," mgonjwa alisema.

Siku ya kwanza ya zamu hiyo, miguu ilimpeleka dobi hadi mlango wa kazini kwa mazoea. Akakumbuka, akarudi ndani, akaketi juu ya furushi la mashuka. Hakuwa na hakika kama shemeji angeonja kwanza. Aliazimia kumpigia simu, na mkono ulikuwa haujafika mfukoni usingizi ulipomchukua.