Ngata ya Radi

Mfikirie Burito anateremka kwenye basi la kutoka Bunda, shingoni amejivika duara kubwa la waya wa shaba alioutoa kwenye mota iliyoungua kule Manyamanyama, na watoto wa Kigera wanamfuata, "Fundi Radi! Fundi Radi!" Ndiye huyo. Ulikuwa mwaka wa Azimio la Arusha, Musoma yetu bado ina nafasi ya kupumua.

Kazi yake ilikuwa redio. Lakini waya ule aliuzungusha kwenye bomba refu, akauunganisha na betri na koili ya gari bovu, akitaka bomba liteme radi ndogo. Mzee Keraryo wa Butiama, baba wa mchumba wake Dorotea, hakuumauma maneno: "Anayechezea radi ni mchawi. Nitakuja nione mwenyewe. Nikiuona uchawi, binti humpati."

Juu ya bomba Burito alisimamisha msumari. Cheche zikavuja nyembamba kama sharubu za paka, zikafia hapohapo. Akautoa, akafunikiza bakuli mbili za bati mdomo kwa mdomo. Ukingo nao ukavujisha. Na kesho mzee anafika!

Dorotea, aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake hapo Kigera, akatokea ziwani, ndoo kichwani.

"Wewe unawekaga vitu vya ncha tu. Mimi ningebeba maji juu ya msumari?"

"Radi si maji, Dorotea."

"Mzigo ni mzigo." Akatua ndoo, akamtupia ngata yake ya majani ya mgomba.

Burito akacheka. Halafu akaipapasa. Mviringo mtupu, hauna ncha wala ukingo wa kuvujisha umeme. Wakaivika karatasi za rangi ya fedha za pakiti za sigara, wakazilainisha kwa mgongo wa kijiko mpaka zikang'aa, wakaiketisha juu ya bomba.

Kesho yake mzee alikaa mbali, fimbo magotini, madirisha yamefungwa. Umeme ukajikusanya juu ya ngata, kisha ukaruka, wa zambarau, mrefu kama shubiri. Mzee hakukimbia. Ulipozimwa alisogea, akainama, akachungulia majani yaliyobaki wazi upande wa chini.

"Hii imesokotwa kwa mkono wa kushoto. Si ya Dorotea hii?"

"Ni yake, baba."

Mzee akacheka hadi akakohoa. "Mchawi haazimagi ngata kwa mwanamke. Hii ni kazi tu. Lete ng'ombe."

Waya ule uliishia kwenye redio za watu. Ngata bado inaning'inia ukutani kwao, karatasi zimebanduka, majani yanachungulia. Nikipita, Burito huinyooshea kidole: "Radi yangu ile." Dorotea naye hujibu toka jikoni: "Ngata yangu ile."

Wewe msomaji wangu, ungesema ni ya nani?