Bibi Harusi Mwenye Mabuti

Nakumbuka siku moja pale Ruhembe, siku niliyopaswa kutembea kwa madaha, nikatembea kama mkata miwa. Ilikuwa harusi yangu, mwanangu, na aliyenivisha mabuti ya mpira ni huyu baba yako anayesinzia hapo.

Alikuwa fundi umeme kijana, ametoka kununua mita ya kupimia umeme, na alipima kila kitu isipokuwa uji. Tulikuwa tumekodi jenereta ya muziki na taa. Wageni wakiwa wameshaketi, akachomeka chuma ardhini, akapima kutoka waya mmoja hadi kwenye kile chuma: volti mia na kitu. Waya wa pili, vilevile. Akatangaza kwamba jenereta inavuja umeme pande zote mbili, akaizima, akasema asiye na mabuti asisogee.

Ruhembe kwenye mashamba ya miwa mabuti hayakosekani. Shangazi akaniletea jozi, buti moja kubwa kuliko lingine. Baba yangu, ambaye hakuwa na subira, akasema giza likiingia bila taa ananirudisha nyumbani. Nilimpenda baba yako, nikaogopa kweli.

Bahati nzuri akafika mzee wa Mamboya aliyemfundisha baba yako kazi. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akitazama miguu yetu. Akaomba mabuti, akavaa, maana hakuwa mjinga. Jenereta ikawashwa. Akapima waya kwa waya: mia mbili thelathini, kama inavyotakiwa. Kisha akaunga balbu kati ya waya mmoja na kile chuma. Haikuwaka, na mita aliyoiweka hapohapo ikashuka karibu na sifuri. Upande wa pili, hivyohivyo.

“Kijana, jenereta hii haijafungwa ardhini popote, hakuna waya wake ulioungwa na udongo,” akasema. “Ukiiuliza ardhi habari zake, inakujibu kwa kubahatisha. Mita yako inaona hata umeme kiduchu usioweza kuwasha balbu.”

Baba yako akauliza, kwa sauti ndogo, kama basi mtu anaweza kushika waya.

“Waya mmoja ukigusa ardhi mahali usipopaona, wewe ukashika wa pili, wageni hawa watabaki hapahapa kwa msiba.”

Muziki ukarudi. Viatu vyangu havikuonekana tena, nikacheza na mabuti hadi mwisho, na picha ile ukutani unaijua.

Nakwambia haya kwa sababu nawe umenunua mita, na juzi ulizima jenereta ya saluni kule Mikumi, mteja ana povu kichwani. Kwanza uliza kama umeme huo umefungwa ardhini. Pima waya kwa waya. Namba ya ardhini ikikutisha, ijaribu kwa balbu kabla hujawatisha watu. Hata ikisoma sifuri, mikono yako kaa nayo, usishike waya.

Mungu akulinde kazini, mwanangu. Akupe mke atakayekubali kuvaa mabuti kwa ajili yako, na akujalie usimvishe bure.